Besi ya Ubeti wa Tatu

TANGAZO RASMI KWA UMMA. Duka la Dennis Muziki lina heshima kubwa kuwatangazia wananchi wa Tunduma, Nakonde na mataifa mengine yote kwamba zama za muziki wa kukwaruza zimefikia tamati. Kuanzia leo utapakuliwa wimbo wenye ubora wa juu kabisa kwenye simu yako mwenyewe, na utamsikia kila mwimbaji peke yake, hadi anavyomeza mate. Masharti: msikilizaji anawe masikio kwa sabuni. Asisikilize akiwa ametoka kula kande, kwa maana tumbo nalo lina sauti. Atakayesikia vitu visivyokuwepo kwenye wimbo ajue hakunawa vizuri, na lawama zisiletwe dukani. Ahsanteni. Uongozi.

Uongozi wenyewe ulikuwa Lucky, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa nyumbani kwa likizo, na siku alipolibandika tangazo hilo ukutani alikuwa amevaa kandambili mbili zisizo za jozi moja. Duka nalo lilikuwa dirisha. Nyuma ya dirisha palikuwa na meza, kompyuta ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika kwa kubonyezwa, spika moja iliyofanya kazi na nyingine iliyowekwa kwa ajili ya heshima. Mwenye mali, kaka yake Dennis, alikuwa amekwenda Mbeya kufuata makava ya simu, akamwachia mdogo wake duka pamoja na agizo moja: asiguse kitu asichokijua. Lucky alilitii agizo hilo kikamilifu. Tatizo ni kwamba tangu apelekwe shule ya bweni, hapakuwa na kitu asichokijua.

Watu waliliamini tangazo. Kesho yake asubuhi alifika dereva wa lori kutoka kwenye foleni ya mpakani, masikio yanang'aa kama sahani za harusi, povu bado limebaki nyuma ya sikio la kushoto. Jenista muuza maharage alikuja amejifunga kitambaa kichwani ili masikio yasishike vumbi njiani. Mama mmoja aliuliza kama wimbo wa ubora wa juu unaweza kusikilizwa na mtu mwenye mafua. Lucky alitafakari kwa uzito wa hakimu, akasema unaweza, ila aishie ubeti wa kwanza.

Mambo yangeendelea vizuri hivyo, kama si mbuzi.

Mbuzi huyo aliitwa Malkia, na makazi yake yalikuwa Itumba, nyumbani kwa Bibi Enesi, bibi yake Lucky. Mwanzoni mwa likizo Lucky alikuwa huko kusalimia, akamrekodi Malkia kwa simu akilia. Ilikuwa rekodi nzuri, yenye kina na hisia, na Lucky aliiweka akijua kwamba siku moja taifa lingeihitaji. Aliporudi Tunduma akakuta Kwaya ya Mwambani imeleta dukani wimbo wao mpya, "Mto Umejaa, Tunavuka," ili uingizwe kwenye memori kadi na flashi za waumini. Kwenye ubeti wa tatu wa wimbo huo kwaya nzima inanyamaza, inabaki besi moja tu ikivuta neno "tunavukaaa" peke yake, chini kabisa, kama gogo linaloburutwa sakafuni. Lucky alisikiliza mahali pale, akamkumbuka Malkia, na mkono ukafanya kazi kabla akili haijaulizwa.

Nia yake, tumtendee haki, ilikuwa ndogo na safi. Alitaka nakala moja tu, ya kumpelekea rafiki yake Ambilikile bwenini, wacheke mpaka mwalimu wa zamu aje. Lakini alipomaliza kumshona mbuzi ndani ya besi, alihifadhi kazi yake juu ya wimbo wenyewe, na wimbo wa asili ukafutika. Aliyewarekodi alikuwa ameshafunga studio na kwenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Mkwajuni, na simu yake haikupatikana. Lucky aliitazama kompyuta kwa muda mrefu. Kisha akafanya kile wanachofanya wakubwa wote wakiharibu kitu: aliendelea na kazi kama vile ndivyo ilivyopangwa.

Alitengeneza nakala nyepesi za memori kadi, zile zinazobanwa mpaka nyimbo za ukoo mzima zinaenea. Ile nzito, ya ubora wa juu, akaipandisha mtandaoni kwa wenye bando la kutosha. Kwenye nakala nyepesi Malkia hakusikika kama mbuzi. Alisikika kama mtu mzima aliyepatwa na jambo.

Wiki haikuisha, wimbo ulikuwa kwenye kila bodaboda. Ulipigwa sokoni, ukapigwa saluni, ukapigwa kwenye malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka. Madereva wa Zambia waliupenda kuliko wote. "Ba Lucky," walimwambia dirishani, kwa heshima ya kwao, "rudisha pale mzee anapolia."

Lucky alirudisha. Na kila alipokuwa akirudisha, alitazama pembeni, maana alimfahamu mzee mwenyewe.

Alikuwa Mzee Yesaya, baba Brenda, mkulima wa mahindi mwenye kifua kama debe. Alipokuamkia asubuhi, kikombe kilicheza kwenye kisahani. Besi ya ubeti wa tatu ilikuwa yake peke yake, na hakuwa na fahari nyingine duniani. Binti yake Brenda alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na Jumapili iliyokuwa ikija kwaya ilikuwa imealikwa huko. Kwa mwaka mzima wakwe wa Brenda walikuwa wakiambiwa kwamba mwenye sauti nzito kuliko wote kwenye kwaya ni baba wa mkamwana wao. Baba mkwe alikuwa ameshatangaza kwamba atakaa benchi la mbele.

Siku ya Jumatano, jua likiwa kali, kamati ya kwaya ilifika dirishani. Mbele alikuwa mwenyekiti, Mama Fides, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa pia shangazi yake Lucky. Nyuma yake alikuwa Mwalimu Sadoki, mwalimu wa kwaya, mtu mwembamba aliyeongea akipiga mapigo kwa kidole. Wa mwisho alikuwa Mzee Yesaya, ameshika kofia mikononi.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo Mwalimu. Shikamoo baba Brenda."

"Marahaba," alisema Mama Fides. "Leo tumekuja kikazi, sio kindugu. Ondoa hayo makaranga mezani."

Mwalimu Sadoki alikohoa. "Kwenye ubeti wa tatu," alisema, kidole kikipiga mapigo, "kuna sauti. Mimi nimefundisha do-re-mi tangu ujana wangu. Sauti ile haipo kwenye do. Haipo kwenye re. Nimeitafuta mpaka kwenye ti."

"Na pale anaimba mtu mmoja tu," alisema Mama Fides.

Wote walimgeukia Mzee Yesaya. Mzee Yesaya aliigeukia kofia yake.

"Mimi niliimba vizuri," alisema, na dirisha likatetemeka. "Au nilidhani."

"Hatumhukumu mtu bila ushahidi. Ikithibitika ni yeye, Jumapili anabaki. Hatuwezi kuvuka mpaka na aibu." Mama Fides aligonga tangazo ukutani kwa kucha. "Hapa pameandikwa kila mwimbaji atasikika peke yake, hadi anavyomeza mate. Tunautaka wimbo huo."

Lucky alihisi kandambili zote mbili zinateleza. "Shangazi, ubora wa juu sio wa kila mtu. Una madhara."

"Madhara gani?"

"Mtu unasikia ukweli mwingi kwa mara moja."

"Ndio tulioufuata."

"Basi niwachezeshee hapa kwenye kompyuta..."

"Hapana. Upakue kwenye simu yangu, mbele ya macho yangu. Isije ikasemwa duka limeuchezea wimbo."

Lucky alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Halafu akajaribu njia ya wataalamu wote waliobanwa: aliongeza utaalamu. Akaeleza kwamba faili ni zito, na faili zito halishuki kwenye joto. Simu ni lazima ipoe kwanza. Alidhani watakata tamaa, waende nyumbani. Badala yake Mama Fides alitoa kitenge, akakilowesha kwa maji ya chupa, akailaza simu juu yake kama mtoto mwenye homa. Mwalimu Sadoki akaanza kuipepea kwa kitabu cha nyimbo.

"Inashuka!" alisema Mzee Yesaya, akiinama. Yeye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Aliamini kwamba ndani ya simu ile kuna wakili wake.

Wimbo ulishuka polepole, kisha, karibu na mwisho kabisa, ukasimama. Mtandao wa Tunduma mchana una tabia hiyo; simu haijui ishike mnara wa huku au wa ng'ambo.

"Imekuwaje?" aliuliza Mama Fides.

"Faili limechoka," alisema Lucky. Maneno yalikuwa yameshamtoka, hakuweza kuyarudisha. "Wakati mwingine huwa linahitaji kutiwa moyo."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa... kwa wimbo wake lenyewe. Lisikie linakokwenda."

Kamati ilitazamana. Kisha Mama Fides akavuta pumzi, akaanza soprano, na Mwalimu Sadoki akaingia na teno. Waliiimbia simu. Watu wakasimama barabarani. Bodaboda wawili wakazima pikipiki. Faili halikusogea hata nywele.

"Hauna besi," alisema Mwalimu Sadoki kwa masikitiko. "Wimbo hauwezi kushuka bila besi."

"Besi ni mtuhumiwa," alisema Mama Fides.

Palifanyika kikao kifupi, wamesimama. Ikaamuliwa kwamba Mzee Yesaya aruhusiwe kuimba kwa muda, kwa ajili ya kupakua tu, na kwamba uimbaji huo hautatumika katika kesi. Mzee Yesaya alivaa kofia, akaivua tena, akafumba macho, akaingia. Besi ikashuka chini kama maji kwenye shimo. Makaranga yalicheza mezani. Jenista, aliyekuwa ng'ambo ya barabara, aliacha kupima maharage. Lucky, ambaye alikuwa amekisikia kipande kile dukani mara nyingi kuliko mtu yeyote, alisimama nywele za mikono zimemsimama, na kwa kitambo akasahau kuogopa.

Simu ikalia. Wimbo ulikuwa umeshuka.

"Nilisema," alisema Mwalimu Sadoki.

Hapakuwa na mtu aliyesema kwamba mzee ambaye wameisikia besi yake sasa hivi hawezi kuwa ndiye aliyelia kwenye rekodi. Walikuwa wameshakubaliana kwamba haitatumika katika kesi, na kamati ya kwaya ni watu wa neno lao.

Wakanawa masikio. Kipande cha sabuni kilizunguka, maji ya chupa yakaisha. Dukani palikuwa na eafoni moja tu nzuri, ya Dennis mwenyewe, na wasikilizaji walikuwa wawili, kwa hiyo wakagawana kama watu wa kanisa moja: Mama Fides sikio la kushoto, Mwalimu Sadoki sikio la kulia. Vichwa vyao vikakaribiana. Lucky alibonyeza, akashika ukingo wa meza.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili. Mama Fides alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, akitaja majina: "Huyo Judith. Huyo Tumaini, amechelewa. Huyo mimi." Ukafika wa tatu. Shingo yake ikakaza.

"Jamani," alisema polepole. "Amelia."

"Nimelia?" aliuliza Mzee Yesaya.

"Umelia, baba Brenda. Tena kwa kutetemesha. Na baada ya kulia, unatafuna."

"Siwezi kutafuna nikiimba!"

"Unatafuna. Majani majani hivi. Halafu kuna kengele ndogo."

Mzee Yesaya alijipapasa mifukoni, ametoa macho. "Labda funguo," alisema.

Inafaa isemwe hapa kwamba watu wote wale watatu walikuwa wamezaliwa na kukulia katikati ya mbuzi. Mama Fides aliwahi kuwachunga, Mwalimu Sadoki aliwatoa mahari, Mzee Yesaya alikuwa nao zizini saa ile ile. Lakini wimbo ni wa kanisa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingiza neno mbuzi ndani yake. Na hakika ni rahisi zaidi kumwamini jirani kuwa ana kasoro kuliko kuamini kwamba mbuzi amejiunga na kwaya.

"Mwalimu, wewe umesikia nini?" aliuliza Mama Fides.

Mwalimu Sadoki alitazama tangazo ukutani, akaishika ndewe ya sikio lake, akavikagua vidole. "Hivyo hivyo," alisema. "Nimesikia hivyo hivyo. Naomba tena ile sabuni."

"Basi aimbe sasa, rasmi," alisema Mama Fides. "Tulinganishe."

Mzee Yesaya alisimama katikati ya barabara, watu wamemzunguka, simu imeshikwa juu kama Biblia ya mahakamani. Alifungua mdomo. Kwa hofu, kilichotoka ni kitu chembamba, chenye kutetemeka, kinachokatikakatika. "Tunavuk... eee... eee..."

Ng'ambo ya barabara, kwenye bucha, mbuzi wawili waliofungwa kwenye nguzo wakaitikia.

Hata dereva wa Zambia aliyekuwa amesimama na soda yake akavua kofia.

"Shangazi," alisema Lucky, "huenda ni virusi. Virusi vya kompyuta vinaweza kuingia kwenye sauti ya mtu."

"Kompyuta ina mdomo?"

"Haina, shangazi."

"Basi nyamaza."

Mzee Yesaya alikuwa ameketi kwenye kreti la soda. Alikuwa akikunja tai ya kwaya, ile ya bluu aliyokuja nayo shingoni, akiikunja mara mbili, tena mara mbili, mpaka ikawa ndogo kama leso. Akampa Mama Fides.

"Nitampigia Brenda," alisema. "Nitamwambia nina mafua. Wakwe wataelewa mafua." Akaizungusha kofia yake. "Mama Fides, nikuulize jambo. Nimekuwa hivi tangu lini? Maana mke wangu hajawahi kuniambia. Pengine alikuwa ananionea huruma."

"Sijui, baba Brenda."

"Usiku mimi huwa naimba nikienda kufunga zizi. Mbuzi wote hunitazama. Nilidhani wananipenda." Akatazama mikono yake. "Kumbe walikuwa wananielewa."

Kama angekasirika, Lucky angevumilia. Shuleni alikuwa ameshakasirikiwa na wataalamu. Lakini mzee hakukasirika. Alikuwa amekaa pale akiamini.

"Naomba kitu kimoja," alisema Mzee Yesaya. "Nijisikie mwenyewe. Kama nalia, basi nijue ninavyolia."

Hakuna aliyeweza kumnyima hilo. Mama Fides alimpa eafoni. Yeye, kwa kuwa alikuwa peke yake, akaweka zote mbili, kushoto na kulia, akafumba macho. Wimbo ukaanzishwa. Uso wake mkubwa ulitulia ubeti wa kwanza, ukatulia wa pili. Kwenye wa tatu paji la uso likajikunja. Lilijikunja, likakunjuka, kisha likajikunja upande mwingine.

"Rudisha," alisema.

Lucky alirudisha.

"Rudisha tena."

Akarudisha tena. Mzee Yesaya alifumbua macho, akamtazama Lucky moja kwa moja, bila kutoa eafoni, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya mtu asiyejisikia, na mtaa mzima ukasikia:

"MALKIA NI NANI?"

Lucky alianza kuondoa makaranga mezani.

"Sikio hili kuna kulia. Sikio hili," akagusa la kulia, "kuna mtoto ananong'ona. Anasema, 'Lia tena, Malkia. Lia vizuri, nikuingize kwaya.' Halafu kwa mbali kuna mama mtu mzima anapiga kelele, 'Wewe Lucky, mwache mbuzi anyonyeshe!'"

Mwalimu Sadoki aliruka kutoka alipokuwa amekaa. "Na mimi nilimsikia! Huyo mtoto nilimsikia! Nikadhani sikunawa vizuri!"

Mama Fides aliichomoa eafoni ya kulia sikioni mwa Mzee Yesaya, akaiweka kwake. Alisikiliza. Rangi ya uso wake ilibadilika zaidi ya mara moja.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Huyo ni mama yangu mzazi, yuko Itumba, yuko ndani ya wimbo wa kwaya." Akageuka taratibu. "Lucky."

"Naam, shangazi."

Lucky alitafuta utaalamu wowote uliobaki, hakuupata.

"Ni mimi," alisema. "Sio baba Brenda. Ni mbuzi wa bibi, na aliyemtia ni mimi. Nilitaka nicheke na Ambilikile tu, shuleni, halafu nikahifadhi vibaya, wimbo wenyewe ukafutika. Sauti ya baba Brenda haina kosa. Hata mahali pamoja."

Mzee Yesaya alisimama kutoka kwenye kreti. Alikuwa mrefu kuliko Lucky alivyokumbuka. Akamsogelea mpaka dirishani, akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo mimi silii."

"Hulii, baba."

"Sema vizuri."

"Hulii. Unaimba besi."

Mzee alivuta pumzi ndefu, na ilipotoka, kikombe kilichokuwa mezani kilicheza. Kisha akapunguza sauti, akauliza kama mtu anayeulizia habari ya ufundi. "Na huyo Malkia. Mbuzi halii vile hivi hivi tu. Mimi ninao, nawajua. Ulimfanya nini?"

Lucky alitazama chini. Hilo ndilo hasa ambalo hakutaka kulisema, kuliko yote.

"Nilimwimbia."

"Ulimwimbia nini?"

"Kipande chako, baba. Cha ubeti wa tatu. Nilikuwa nimewasikia mkifanya mazoezi kabla sijaenda Itumba, nikakishika chote." Alimeza mate, na kila mtu mtaani aliyasikia yakishuka. "Huwa nakiimba nikiwa peke yangu. Malkia ndiye wa kwanza kunisikia, akaitikia."